Njuga Walizoziita Pingu

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnakuja na glavu nyeupe mikononi, na jambo la kwanza mnalofundishwa ni kutogusa. Haya, hewala. Mimi niliingia miaka ya Ujamaa, na jambo la kwanza nililofundishwa lilikuwa kunusa. Fundi Sadala, mhunzi mstaafu aliyekuwa mlinzi wetu pale Nyumba ya Kumbukumbu ya Njia Kuu, hapahapa Tabora, alikuwa anakuletea kipande cha chuma puani. "Tausi, nusa." Ukinusa unasema, kutu. "Kutu gani? Ya mvua au ya jasho?" Mpaka nastaafu sikuweza kutofautisha, na nina wasiwasi hata yeye hakuweza. Ila alinifundisha kusafisha chuma kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, na kwa hilo namwombea dua kila Ijumaa.

Hiyo Nyumba ya Kumbukumbu msije mkaiona kubwa kwa jina lake. Ilikuwa chumba kimoja kirefu na kibaraza. Kazi yetu ilikuwa kukusanya vitu vya watu waliopita njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kwetu Unyanyembe ikaendelea Ujiji: barua, ngoma, mikuki, shanga. Juu ya mlango tuliandika kwa rangi nyekundu, IMANI NA UJASIRI WA WAZEE WETU. Watu wakasoma, wakaanza kutuletea kila chombo kilichokufa nyumbani kwao. Mtu anakuja na taa ya baiskeli, uso mkavu, anakwambia babu yake alipigana nayo na Wajerumani. Ukimwuliza alipiganaje na taa, anakasirika, anasema nyinyi wa serikali hamna imani.

Kilichotusaidia, nasema ukweli, ni watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori linakuja, dereva anapiga honi, anasema chukueni vya maana, vingine acheni. Hapo ndipo unajua familia inaona nini ni cha maana. Godoro linapanda, kinu kinapanda, mbuzi anapanda. Ngoma ya ukoo inabaki uani. Mimi nilikuwa nafuata malori kwa baiskeli, na wanakijiji walidhani mimi ni mpelelezi wa chama, kwa hiyo walinikaribisha vizuri sana.

Ndivyo nilivyofika Puge, kwa Mzee Maganga. Nilimkuta amekaa juu ya kinu chake akisubiri lori la kwenda kijiji kipya, hapohapo Puge, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye dereva.

"Hapana, mzee. Mimi nakusanya vya kale."

"Basi nichukue mimi."

Alikuwa mzee wa maneno, na mimi napenda wazee wa maneno. Akafungua gunia. Ndani zilikuwamo pete mbili nene za chuma, kila moja imezungushiwa vijikengele vya chuma vilivyokunjwa kama maganda ya kunde, na ndani ya kila ganda kuna kipira cha chuma. Njuga. Alizitikisa, zikalia kwa sauti nzito ya kukwama, lakini zililia. Mjukuu wake, Nyamizi, msichana aliyekuwa akifundisha elimu ya watu wazima pale kijijini, alikuwa anafunga vyungu kwa kamba. Akacheka akasema, "Babu, umeanza. Sasa lori litatuacha."

Mzee hakumjali. Akanieleza kwamba babu yake alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara, wapagazi wote nyuma yake na mizigo vichwani. Nyasi za porini zilikuwa ndefu kuliko mtu. Wa nyuma hawamwoni kirangozi, wanasikia njuga za miguuni mwake tu. Zikilia, wanajua njia ipo. Zikinyamaza, wanatua mizigo na kushika mikuki.

"Safari moja," akasema, "ugonjwa wa macho uliingia kwenye msafara. Macho yakavimba, yakaziba. Wengi wakawa wanatembea wameshikana mabega. Na mbele yao kulikuwa na pori la wanyang'anyi. Hapo kila kirangozi alikuwa anazijaza njuga majani zisilie, apite kimyakimya. Wakamwambia babu, zijaze. Akasema, nikizijaza hawa wasioona watafuata nini?"

"Akapita zinalia?"

"Akapita zinalia."

"Hakuogopa?"

"Alijikojolea. Alikuwa anasema mwenyewe. Kila alipotusimulia hakuparuka hapo."

"Na alimwomba nani?"

Mzee Maganga akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Aliomba mizimu ya kwao, akamwomba Mungu wa Waislamu aliowabebea mizigo, akamwomba na yule wa wamisionari, maana alikuwa amelala kwao usiku mmoja. Alisema lile pori halikuwa mahali pa kuchagua."

Sikilizeni vijana, nimesoma maandishi mengi kuhusu imani ya wazee wetu, mengine niliyaandika mwenyewe, yana maneno marefu. Hakuna lililonishika kama hilo la mzee juu ya kinu. Nikamwomba anipe njuga. Akasema hanipi. Ni amana. Zikae kwangu mpaka wapate nyumba isiyovuja, kisha atazifuata. Tukashikana mikono kwa neno hilo, amana, na mtu aliyelelewa mjini Tabora kama mimi, chuo cha Kurani nimekimaliza, anajua uzito wake.

Njuga nikazileta, nikazipanga kwenye meza nzuri karibu na dirisha. Halafu nikafanya safari ya Usinge kufuata barua, na huko ndiko yalikonikuta ya kuchekesha kabla ya yale ya kuliza.

Barua yenyewe niliiona mwezi uliotangulia, kwa bibi mmoja wa Usinge. Ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi, karatasi imekuwa rangi ya chai. Niliisoma palepale. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anamwandikia ndugu yake wa Ujiji akilalamika kwamba punda wake hawataki kutembea, na kwamba huyu aliyemuuzia ni mwongo na atakiona siku ya kiyama. Barua safi kabisa. Bibi akakubali kuitoa, nikamwahidi kurudi na sanduku la kuibebea. Nimerudi na sanduku, bibi ananipokea kwa furaha, ananionyesha mjukuu wake anacheza mpira uani.

"Huyu alikuwa na homa, mwanangu, tukamkatia tamaa. Nikakumbuka yale maandishi. Nikayaosha kwenye bakuli nikamnywesha."

Alimfanyia kombe. Kwake yeye herufi zile ni Kurani, basi, na aya huoshwa ikanywewa na mgonjwa. Malalamiko yote ya punda yameingia tumboni mwa mtoto. Karatasi ilikuwa imeanikwa juu ya kamba ya nguo, nyeupe, imepauka. Nifanye nini? Nikasema alhamdulillahi. Mtoto alikuwa amepona kweli. Kwa hiyo nawausia, mkiona barua ya kale kwenye nyumba ya watu, ulizeni kwanza kama kuna mgonjwa.

Nikarudi Tabora na sanduku tupu, nikakuta sherehe za Saba Saba zimepita. Naingia ndani, naenda kwenye meza ya dirishani. Njuga zilikuwa nyeusi tititi. Zimepakwa lami, ile inayopakwa kwenye nguzo zisiliwe na mchwa. Zimewekwa juu ya kitambaa chekundu, na mbele yake kibao kipya: PINGU YA MTUMWA. ILIVALIWA NA BABU YAKE MZEE MAGANGA WA PUGE.

Nikazitikisa. Kimya. Lami ilikuwa imeingia ndani ya kila ganda ikavigandisha vile vipira.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Ndugu Lameki, mtu mwema, Mmoraviani, mwimba kwaya, hajui kumwambia mkubwa hapana. Nikamvamia ofisini.

"Ndugu Lameki, nani amefanya haya?"

"Kaa kwanza, Tausi."

"Sikai."

"Wakubwa walipiga simu. Walisema mgeni rasmi anakuja, hotuba yake ni ya kuvunja minyororo. Wakauliza, pingu mnazo? Wewe ungesema nini?"

"Ningesema hatuna!"

"Wewe ungesema. Mimi nina watoto."

Akanieleza kwamba mgeni rasmi alizishika njuga mikononi, akazinyanyua juu, akasema sote tuliokuwapo pale ni wana wa mtumwa huyu mmoja, hakuna bwana wala mtwana tena, sote ni ndugu. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatikisika. Na mgeni rasmi akatoa leso.

"Alitokwa na machozi, Tausi. Sasa unataka nimwandikie kwamba alililia kengele?"

Nikatoka nikaenda kunywa maji. Nilidhani limeishia hapo, kwamba ni aibu yetu ya ofisini, nitabadilisha kibao polepole wakubwa wakisahau. Sikujua kama kile kibao kimeshafanya kazi yake nje.

Juma lile lile wakaja Mzee Maganga na Nyamizi, wamepanda lori la pamba. Mzee aliyekuwa na maneno mengi hakuwa nalo hata moja. Nyamizi ndiye aliyenieleza. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa hapa mjini, Kulwa, fundi wa reli, siku ya harusi imeshapangwa, ng'ombe wa mahari wameshafika Puge. Baba mkubwa wa Kulwa, Mzee Mihayo, balozi wa nyumba kumi kule Isevya, alikuwapo kwenye ile hotuba. Alisimama mstari wa mbele. Alipiga makofi kuliko wote. Kisha watu wakapita kutazama vitu mmoja mmoja, akafika kwenye meza ya dirishani, akasoma kibao. Akasoma tena jina. Jioni ileile akamtuma mshenga Puge kusema kwamba mambo yasimame, kwa sababu ukoo wao hauwezi kuoa kwa watumwa.

"Asubuhi ni ndugu," Nyamizi akasema, "jioni ni mtumwa. Hata jua lilikuwa halijazama."

"Na Kulwa anasemaje?"

"Kulwa anasema subiri." Hapo akageuka akatazama ukutani. Nilimwonea uchungu, nasema wazi. Alikuwa anampenda yule kijana, na alikuwa amepewa neno moja tu la kujifunika nalo, subiri.

Mzee Maganga alikuwa amesimama mbele ya kibao. Hakujua kusoma vizuri, alikuwa anafuatisha jina lake kwa kidole. Ndipo akasema, "Amana yangu nataka."

Twende kwa Ndugu Lameki. Akaanza, mara ni mali ya umma, mara lazima kibali, mara tungoje kikao. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole kama huko kwao Wamoraviani neno amana lipo. Ndugu Lameki akasimama. Akachukua kofia yake. "Mimi naenda kula," akasema. "Na leo nitakula polepole sana." Akatoka bila kufunga mlango.

Tukakaa barazani, mimi na Nyamizi, na debe la mafuta ya taa. Lami haitoki kwa haraka. Unaloweka, unangoja ilainike, unaingiza unyoya kwenye ufa wa ganda, unauzungusha, unautoa mweusi, unachukua mwingine. Usitumie kisu. Kisu kinakwangua chuma, na sauti inabadilika. Nyamizi alitaka kutumia kisu, nikampiga kibao cha mkono, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Jirani yetu muuza kuku akatuuliza tumechinja wangapi. Ganda la kwanza lilipolegea likasema tii, kidogo, Mzee Maganga akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kofia.

Tulipomaliza nikamwambia Nyamizi, sasa tumfuate Mzee Mihayo, nitamweleza mimi, nitamwandikia na barua. Mhuri wa ofisi ninao.

"Barua ya nini, shangazi? Hana masikio?"

Akazivaa. Akavaa pete moja kila mguu, juu ya viatu vyake vya ualimu, akashuka ngazi. Msifikiri ni kitu chepesi. Njuga za kirangozi zina uzito, na ukivaa huwezi kutembea kwa aibu, maana kila hatua inasikika. Tukatoka kwenye barabara ya miembe ile, yeye mbele, sisi nyuma, mchana kweupe. Wanawake wakatoka milangoni. Fundi cherehani akaacha kushona. Mtu akauliza ni ngoma ya nani, na mzee mmoja mkongwe kwenye kibaraza, kipofu, akainua kichwa akasema, "Msafara." Alisema hivyo tu, akaendelea kutafuna tambuu yake.

Mzee Mihayo alitusikia kabla hajatuona. Tulimkuta amesimama uani, na Kulwa nyuma yake na kikombe cha chai mkononi. Nikamwamkia, nikaeleza yote: kirangozi, wapagazi, macho yaliyovimba, pori. Nilieleza vizuri, naona fahari mpaka leo. Nikamwonyesha maganda na vipira. Nikasema pingu haina kengele, nani amfungie mtumwa kengele? Mzee Mihayo akainama, akazigusa, akazitikisa, uso ukaanza kufunguka. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine.

"Kirangozi!" akasema. "Mngesema mapema! Kumbe ni ukoo wa kirangozi! Kulwa, lete viti. Mwanangu Nyamizi, karibu, hapa ni kwenu. Mambo yamekwisha."

Mimi nikashusha pumzi. Kwangu kazi ilikuwa imekamilika. Lakini Nyamizi hakukaa kwenye kiti.

"Baba," akamwambia, "na kama ingekuwa pingu kweli?"

"Lakini si pingu."

"Nauliza. Kama babu yangu alifungwa, akaburutwa njia nzima, akafika akiwa hai, akazaa, ndiyo nikapatikana mimi huyuhuyu niliyesimama hapa. Ningekaribishwa kiti?"

Mzee Mihayo akaangalia zile njuga tena. Zilikuwa zinalia kidogo kidogo, kwa sababu miguu ya yule binti ilikuwa inatetemeka.

Kulwa akaweka kikombe chini. "Baba mkubwa," akasema, "mimi nilimchumbia Nyamizi. Sikuchumbia vyuma. Ingekuwa pingu, ningemwoa nayo."

Nyamizi akamgeukia. "Umechelewa kusema," akamwambia.

"Nimechelewa."

"Lakini umesema." Ndipo akakaa.

Wakaoana, na mkienda Puge leo mtawakuta wajukuu zao, wakorofi kweli. Njuga ziliondoka na Mzee Maganga siku ileile, kwenye lori la pamba, miguuni mwake, maana alikataa kuzivua.

Lakini mimi lile swali lilinifuata njia nzima kurudi kazini. Nilikuwa nimetumia siku nzima, na manyoya ya kuku wangapi sijui, kuthibitisha kwamba si pingu, na wakati wote huo sikujiuliza kwa nini nahangaika hivyo. Sisi wa mjini Tabora tuna adabu yetu moja. Humuulizi mtu bibi yake alitoka wapi. Unamuuliza anakaa mtaa gani, amesoma chuo kwa mwalimu gani, inatosha. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Faida. Jina hilo alipewa na mtu aliyemnunua, na mnaelewa wenyewe. Aliletwa akiwa msichana kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, shingo imefungwa kamba moja na wenzake. Jina lake la kwanza aliwahi kunitajia nikiwa mtoto, nami sikulishika. Hilo linaniuma hata sasa ninapowaambia. Alipotawadha alikuwa anaanza kuosha shingo, anaisugua kabisa, na mwalimu wa chuo akamwambia, bibi, shingo haimo kwenye udhu. Akamjibu, "Yangu imo."

Nilipofika ofisini kibao kilikuwa bado kimesimama mbele ya kitambaa chekundu kisicho na kitu. Nikakitoa. Nikachukua kadi mpya, nikachovya kalamu, nikaandika: BIBI FAIDA. ALIPITA NJIA HII AMEFUNGWA KAMBA. HAKUJA NA KITU. Nikaiweka pale juu ya meza tupu.

Ndugu Lameki alikuwa amerudi kula. Akasimama nyuma yangu, akasoma, akasoma tena, akatazama juu ya kitambaa, akatazama na chini ya meza.

"Tausi," akauliza, "na kitu chenyewe kiko wapi?"

"Ni mimi, Ndugu Lameki," nikamwambia. "Nimesimama mbele yako."